Tiketi za Ohio State za mkono wa pili: nimelizwa, nimechunwa, na mwishoni nikawa mlanguzi mwenyewe

Kila ikifika mwezi wa nane simu yangu haikai kimya, Wabongo na Wakenya wa hapa Columbus, Ohio, swali lao ni moja tu, "kaka tiketi ya Buckeyes isiyo feki naipata wapi" (Buckeyes ndio timu ya chuo cha Ohio State), na wananiuliza mimi kwa sababu habari ya kwamba nilipigwa dola 320 ilishasambaa, siku hizi hata kwenye harusi napokelewa kwa kicheko. Nimechoka kueleza mmoja mmoja. Naandika hapa yote niliyopitia kununua na kuuza hizi tiketi ndani ya misimu miwili, anayetaka asome, asiyetaka aendelee kuwaamini watu wenye profaili ya mbwa na watoto.

Kwa ambao hamko huku, huu mpira wao, futiboli ya Kimarekani, ni ule wa kukumbatiana na kukimbia na kitu kama yai mkononi, na wa vyuo una wazimu wake kuliko hata ule wa kulipwa. Uwanja wa Ohio State ulifunguliwa 1922, umekaa kama kiatu cha farasi, unachukua watu 102,780. Chukua Mkapa uliofurika, watu elfu 60, ongeza na Uhuru pale jirani, bado kuna watu wamebaki nje wanatafuta pa kukaa. Na mahasimu wao Michigan wana uwanja mkubwa zaidi, 107,601. Hizi mbili zikikutana, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja, hiyo ni Simba na Yanga kabisa, mume na mke hawasemeshani wiki nzima, na matapeli nao ndio msimu wao wa mavuno.

Mimi nilikuwa na sababu ya kuhangaika. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuja kunitembelea kutoka Temeke kwa miezi miwili, na tangu siku ya kwanza anaona kila nyumba imetundika bendera nyekundu, kituo cha mafuta wote wamevaa jezi, hadi kwa daktari wa meno kuna bendera, akasema kaka mimi siondoki Marekani bila kuingia humo ndani. Mechi iliyokuwa mbele yetu ni hiyo hiyo ya Michigan, tarehe 30 Novemba 2024. Kwenye apu za kuuziana tiketi kiti cha bei ya chini kabisa kilikuwa kinaniambia zaidi ya dola 250 ukishaweka makato, viti viwili ni zaidi ya 500, na mimi nalipwa kwa saa, siyo kwa mwezi. Nikaingia kwenye grupu moja la mtandaoni la kuuziana tiketi.

Haikupita dakika kumi, dada mmoja kanijibu. Anasema anasomea unesi, bibi yake kalazwa, hawezi kwenda, anazo mbili za juu kabisa, dola 160 kila moja, anataka tu ziende kwa mtu atakayefurahi. Profaili ina watoto wawili na mbwa mkubwa wa rangi ya asali. Kanitumia skrinshoti ya tiketi, ipo kabisa, bakodi, jina la timu, namba ya kiti, juu pembeni betri asilimia 11 na saa 10:52. Mimi ile betri asilimia 11 ndiyo iliyonimaliza jamani, nikasema huyu ni mtu wa kweli, tapeli gani anaacha simu izime. Kanitumia na picha ya leseni yake ya udereva nisiwe na wasiwasi. (Leseni nilikuja kuambiwa baadaye huwa ni za watu wengine waliolizwa kabla yako, nao walizituma kuthibitisha kwamba wao si matapeli. Kwa hiyo mtu anakuonyesha leseni ya mhanga wa jana.)

Nikalipa 320 kwa njia ya kutuma hela benki kwa benki papo hapo. Mimi, niliyekulia kwenye meseji za "ile hela itume kwenye namba hii", niliyekuwa nawacheka wazee wa mtaani kwetu kwa kuzijibu.

Baada ya hapo akaanza mambo. Mara kuna ada ya kuhamisha tiketi dola 60, itarudi yenyewe ikishapokelewa. Nikamwambia sina. Hakunikasirikia hata kidogo, akasema basi usijali, mfumo unasumbua leo, tumia hiyo hiyo picha mlangoni inaskaniwa kawaida. Na mimi nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini, hela ishatoka, ukikubali kwamba umepigwa ndiyo inakuwa imepotea kweli.

Siku ya mechi tumetembea kutoka tulipopaki karibu dakika arobaini, mdogo wangu kavaa koti langu la kazini maana la kwake alilotoka nalo Kariakoo lilikuwa la baridi ya Arusha. Tukafika mlangoni. Kuna mzee amevaa koti jekundu, hapa wahudumu wa uwanja wamezoeleka kuitwa Redcoats, mzee mpole kabisa, ndevu nyeupe. Nikamwekea simu kwenye mashine. Kimya. Akaniambia ongeza mwanga. Nikaongeza. Kimya. Akaichukua simu yangu, akagusa skrini kwa kidole, akavuta, ikakua kama picha ya kawaida ya birthday. Akaniangalia, akaniambia kwa sauti ya chini ili watu wa nyuma wasisikie, "Mwanangu hii ni picha. Fungua tiketi yenyewe." Nikamwambia ndiyo hiyo niliyo nayo. Akatikisa kichwa, akasema leo wewe ni wa sita au wa saba kwake, na bado hata mpira haujaanza.

Tukaangalia kwenye baa ya Lane Avenue, tumesimama. Na si unajua kilichotokea, Ohio State waliokuwa wanapewa ushindi wa karibu pointi 20 wakafungwa 13 kwa 10 nyumbani kwao, mechi ikaisha Michigan wakaenda kuchomeka bendera katikati ya uwanja, ngumi zikaanza, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Mdogo wangu ananiambia kaka labda Mungu katuepusha. Nikamwambia Mungu angeniepushia na ile 320.

Benki nikapiga simu Jumatatu. Swali la kwanza, "ulituma wewe mwenyewe?" Ndiyo. "Kuna mtu aliingia kwenye akaunti yako?" Hapana. Basi, hapo mazungumzo yameisha kistaarabu. Hizi njia za papo hapo kama Zelle zimetengenezwa kwa ajili ya kumtumia shemeji hela ya kodi, ni kama umempa mtu noti mkononi, na wenyewe wanakwambia usitume kwa mtu usiyemjua. PayPal na Venmo nako kuna sehemu mbili, ya kutumiana ndugu na marafiki ambayo haina ulinzi wowote, na ya kununua bidhaa ambayo ina ulinzi wake na makato kidogo, na tapeli siku zote atakuomba utumie ile ya marafiki, "ili wasitukate". Ukilisikia hilo neno funga simu. Ukiweza lipa kwa kadi ya mkopo, kredit kadi, maana sheria ya huku inakupa siku 60 tangu utumiwe bili ili upinge malipo ya kitu ambacho hujaletewa, na wakati benki inachunguza hulazimiki kulipa hicho kiasi. Kadi ya debit hela yako inakuwa ishatoka, unaanza kuifukuzia wewe.

Sasa twende kwenye kitu ambacho laiti ningekijua kabla. Tiketi ya siku hizi huku siyo karatasi na wala siyo picha. Zamani, enzi za kuprinti, mtu alikuwa na faili moja anawauzia watu watano, wote bakodi moja, wa kwanza kufika mlangoni anaingia, wanne wanaambiwa tiketi yako imeshatumika. Kukomesha hilo Ticketmaster, kampuni ya kuuza tiketi ambayo ndiyo Ohio State wanaitumia, mwaka 2019 wakaleta bakodi inayobadilika yenyewe kila baada ya sekunde chache, ukiitazama unaona kuna mstari unapita pita juu yake kama taa ya mashine ya fotokopi. Ukiipiga picha, picha inabaki na namba iliyokwisha muda wake. Ni kama ile kodi (namba ya siri) ya benki inayokuja kwa meseji, ukiitumia kesho haifanyi kitu. Ndiyo maana yule mzee alivuta skrini kwa kidole, alikuwa anaangalia kama kitu kinacheza.

Kwa hiyo kununua tiketi maana yake ni tiketi itoke kwenye akaunti ya mwenzio iingie kwenye akaunti yako. Mtu anabonyeza kuhamisha, anaandika imeili yako, wewe unapata meseji, unaingia kwenye akaunti YAKO kwa kufungua apu mwenyewe (usibonyeze linki iliyoko kwenye imeili ambayo huijui, nazo zipo za kughushi), unakubali, na hapo hapo bakodi ya yule wa kwanza inakufa. Kama haipo kwenye akaunti yako, huna tiketi, hata awe amekutumia video yuko amekaa kwenye hicho kiti.

Wiki tatu baadaye, tarehe 21 Desemba 2024, ikaja mechi ya mtoano na Tennessee, mara ya kwanza mtoano wa timu 12 na mara ya kwanza mechi ya mtoano kuchezwa hapa Columbus uwanjani kwa chuo. Mdogo wangu alikuwa anarudi Dar baada ya Krismasi. Nikasema safari hii naenda apu, moja ya zile kubwa zinazojulikana, jina silitaji kwa sababu nina ya kuilalamikia na sitaki kesi.

Bei ilikuwa dola 118. Nikachagua kiti, nikajaza jina, nikajaza kadi, nikajaza na namba ya simu ya mama mkwe karibu, nafika ukurasa wa mwisho inaniambia 163. Kwa kiti kimoja! "Ada ya huduma." Huduma ipi, nimejihudumia mwenyewe. Ni kama uende kwa mama ntilie akwambie wali maharage elfu mbili, umalize kula, akwambie na kijiko unalipia. Hii angalau imepungua, tangu tarehe 12 Mei 2025 kuna kanuni ya FTC, ile tume ya serikali inayolinda wateja, inawalazimisha kuonyesha bei yote tangu mwanzo. Makato yenyewe bado yapo vile vile, ila sasa unakasirika mapema, hupotezi nusu saa.

Nikalipa. Ikaniambia tiketi zitafika "kabla ya mechi". Kabla ya mechi lini? Haisemi. Jumatano kimya, Alhamisi kimya, Ijumaa mdogo wangu ananiuliza kaka vipi namwambia zinakuja, naongea kama yule dada wa unesi. Kuna wauzaji wanatangaza tiketi ambazo bado hawana, wanasubiri bei ishuke wanunue ndio wakupe, na isiposhuka wanakukimbia. Majimbo mengine yameshapiga marufuku, Maryland walipitisha 2024, Minnesota sheria yao ikaanza Januari 2025. Sisemi wangu alikuwa hivyo, inawezekana alikuwa mvivu tu, lakini Jumamosi saa nane mchana nimekaa na apu mkononi, mechi ni saa mbili usiku, nimepiga huduma kwa wateja nimesikilizishwa muziki dakika 26, nikapata mtu, akanihakikishia kwamba zisipofika watanipa nyingine zinazolingana au watanirudishia hela. Sawa, hela itarudi, na huyu kijana aliyevaa soksi tatu nimrudishe wapi?

Saa kumi na dakika arobaini simu ikalia. Nikakubali, zikaingia, nikaziweka kwenye waleti ya simu, ile apu ya kutunzia kadi na tiketi, pale pale nyumbani. Hili msilisahau, watu laki moja wakiwa sehemu moja mtandao unakufa kabisa, nimeona watu wazima wamesimama mlangoni wanazungusha simu hewani kama wanatafuta chaneli ya tivii. Ukishaiweka kwenye waleti haikuombi intaneti.

Tukafika mlangoni, mashine ikalia ti, taa ya kijani, na mimi sijui kwa nini macho yakanilenga lenga.

Ndani sasa. Baridi ilikuwa chini ya sifuri, maji ya chupa yanafanya barafu. Lakini kilichonishangaza ni rangi. Tunategemea nyekundu tupu, tunakuta majukwaa mazima ya rangi ya chungwa, Tennessee wamejaa kama wako kwao. Wametoka wapi? Apu hizo hizo. Wenye tiketi za msimu, wale waliolipia viti vyao msimu mzima, wameona baridi, wameona bei, wameona Krismasi hiyo na zawadi za watoto, wakauza kwa yeyote mwenye kadi. Watu wa hapa walilalamika sana, na mimi nikajisemea, mnalalamika nini, nyie si ndio mliouza? Bahati yao timu ilicheza, 42 kwa 17, na Januari wakachukua ubingwa wa taifa mbele ya Notre Dame. Mdogo wangu hakuelewa sheria hata moja, alikuwa anashangilia bendi.

Hiyo apu naipa nyota tatu kati ya tano. Ilinichuna, ilinipandisha presha, lakini nilikaa kwenye kiti nilicholipia, na ule uhakika wa kwamba kuna mtu wa kumdai ndio hasa unaoununua, tiketi ni kisingizio. Yule dada wa unesi sina wa kumdai. Kama unalipa 45 za makato, jua unalipia usingizi.

Njia iliyo bora kuliko zote ni ya tatu na haiko kwenye tangazo lolote: mtu unayemjua mwenye tiketi za msimu. Kazini kwangu kuna mzee, mzungu wa hapa hapa Ohio, yeye na mkewe wana viti viwili miaka nenda rudi. Baada ya kusikia kisa changu (nilimsimulia wakati wa lanchi, akacheka hadi akamwaga kahawa) akaniambia msimu ujao utachagua mechi moja. Nami bila haya nikachagua Texas, tarehe 30 Agosti 2025, ufunguzi wa msimu, Texas namba moja nchini, Ohio State namba tatu. Akaniuzia kwa bei yake aliyonunulia, hakuongeza hata senti, akabonyeza kuhamisha tukiwa tumekaa kwenye meza ya lanchi, nikakubali kabla sandwichi yake haijaisha. Hakuna ada, hakuna kusubiri, hakuna bibi aliyelazwa. Nyota tano, na ya sita ya mkewe.

Kidogo tu kuhusu tiketi za wanafunzi maana vijana wananiuliza sana. Bei yake ni ndogo kweli, lakini vyuo vingi vina masharti, mlangoni unaweza kuombwa kitambulisho cha chuo, na kama wewe siyo mwanafunzi inabidi kwanza ibadilishwe iwe ya kawaida kwa kulipia tofauti. Mtu akikuuzia ya mwanafunzi bila kukutajia hilo, ama hajui ama anajua sana.

Sasa wiki mbili kabla ya Texas, ratiba kazini ikatoka, Jumamosi hiyo nipo, na mechi ni saa sita mchana. Nimebembeleza kubadilishana na kila mtu, nani akupe siku hiyo? Nikamrudia mzee nikamwambia chukua viti vyako. Akasema yeye na mkewe wameshapanga kwenda kwa mjukuu, uza tu, usipate hasara.

Nikaingia kwenye kuuza, na nikagundua muuzaji naye anawindwa, tena na watu wenye akili zaidi. Niliweka tangazo usiku, asubuhi nina meseji kumi na nne. Mmoja anasema, kabla sijakulipa nataka kuhakikisha wewe siyo tapeli, nakutumia kodi ya tarakimu sita nisomee. Anavyojifanya yeye ndiye mwenye wasiwasi! Ile kodi inatoka Google, anafungua namba ya simu ya Google Voice kwa kutumia namba yako, halafu anaenda kuwaliza wengine na wakifuatilia wanakukuta wewe. Mwingine akasema ameshanilipa kwa Zelle, nikapata imeili nzuri ina nembo na kila kitu, inasema malipo yamezuiliwa kwa sababu akaunti yangu siyo ya biashara, mnunuzi aongeze dola 300 halafu mimi nimrudishie hizo 300. Nikafungua apu ya benki yangu, hakuna hata senti. Huyu wa pili nilimjibu kwa Kiswahili, nikamwambia ile hela itume kwenye namba hii. Akaniuliza hiyo ni lugha gani.

Kuna na ya kimya kimya, mtu anakulipa kweli, unamhamishia tiketi kweli, anaingia anaangalia mpira, Jumatatu anaiambia kampuni ya malipo kwamba hakupokea kitu. Tiketi haina trakingi ya posta, utabishana mwezi mzima. Kwa hiyo mimi nikafuta tangazo nikaziweka kwenye apu, ambayo safari hii ilinikata mimi asilimia 15 na nina uhakika ilimkata na mnunuzi, inakula huku na huku kama mchwa, na hela yenyewe hupewi mpaka mechi iishe, kwangu ilikuja siku ya nane ya kazi. Lakini hakuna aliyeniomba kodi. Na siku hizo niliweka uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti yangu ya tiketi, maana kuna watu wameingia kwenye akaunti zao wakakuta tiketi zilishahamishwa usiku na mtu asiyejulikana. Na jamani acheni kuposti picha ya tiketi yenu mkijisifu, subirini mfike.

Zikauzwa ndani ya saa tatu. Bei sitaitaja, ila baada ya makato ilibaki zaidi ya mara mbili ya nilichompa mzee. Nikakaa nayo hiyo hela kwenye akaunti naiangalia. Utotoni tukienda Taifa na baba, kabla hata haujaitwa Mkapa, wale jamaa waliosimama nje wanauza tiketi kwa bei mara tatu baba alikuwa anawaita walanguzi, na alivyokuwa analitamka hilo neno ungedhani ni ugonjwa. Siku hizi kule wamehamia N-Card, kadi ile ile ya kivuko cha Kigamboni, huku mimi niko Ohio nimekuwa mlanguzi kwa kubonyeza kidole. Huku ni halali kabisa, kinachokatazwa kwa sheria ya 2016 ni kutumia maroboti kununua mzigo mzima wa tiketi. Lakini halali na raha ni vitu viwili.

Jumatatu mzee akaniuliza, uliuza bei gani? Nikamwambia. Hakusema kitu, akatafuna, halafu akasema Texas walifungwa 14 kwa 7, ungependa sana ile safu ya ulinzi. Nikampelekea mkewe kadi ya zawadi ya bustani na maua ya dola mia mbili, anapenda maua. Mwaka huu sijaulizwa nachagua mechi gani, na mimi sijathubutu kukumbushia.

Wiki iliyopita nilikuwa naperuzi lile grupu la zamani, mazoea tu. Kuna kaka mmoja anauza tiketi mbili, profaili ya mvuvi kashika samaki, anasema mkewe amejifungua mapema hawezi kwenda. Kaweka skrinshoti. Tarehe imebadilishwa, timu imebadilishwa, bei imepanda imekuwa 180. Juu pembeni betri asilimia 11, saa 10:52. Nikaandika chini yake, "kaka chaji simu, ni mwaka wa ngapi huu." Baada ya dakika mbili nikawa nimetolewa kwenye grupu.